Fimbo ya Jamali, Mulineti ya Mansuri

Hakuna urithi uliogawanywa kijinga pale Rumonge, kando ya ziwa, kama ule wa mzee Athumani, na cha kushangaza ni kwamba aliyeugawa alikuwa na akili zake timamu.

Ilikuwa siku ya arobaini. Dua imesomwa, pilau imeliwa, na wana wawili wa marehemu wameketi nyuma ya nyumba na baba yao mdogo Amissi. Nyumba iligawanywa bila maneno, shamba la michikichi na mtumbwi wa kwanza vikaenda kwa Mansuri, mkubwa, na mtumbwi wa pili ukaenda kwa Jamali, mdogo. Ikabaki fimbo ya kuvulia pamoja na mulineti yake, ile mashine ndogo ya chuma ya kuzungushia mshipi. Mhandisi mmoja wa barabara alimwachia mzee vitu hivyo alipokuwa anarudi kwao, na kwa vitu hivyo mzee alivua sangala waliolisha arusi za nusu ya mtaa. Mansuri akasema ni vyake kwa sababu yeye ndiye mkubwa. Jamali akasema ni vyake kwa sababu yeye ndiye aliyevifuta kila jioni tangu utotoni. Kufidiwa, kila mmoja alikataa. Maneno yakapanda hata majirani wakaanza kutafuta viatu vyao.

Mzee Amissi alikuwa na miguu inayouma na alitaka kwenda kulala. Akaifungua mulineti kutoka kwenye fimbo, akampa Mansuri. Fimbo akamsukumia Jamali.

"Mutapatana tu," alisema. "Fimbo bila mulineti ni ya kuchungia mbuzi. Mulineti bila fimbo ni ya kuchezea mutoto. Juma moja haliishi mutakuwa mumepatana."

Hakuwajua watoto wa kaka yake.

Hawakupatana, ila walizoea. Kila alfajiri Jamali alishuka ufukweni na fimbo begani, Mansuri naye akashuka na mulineti ndani ya kitambaa, wakaviunganisha pale mchangani kama watu wanaofunga ndoa kila siku na kupeana talaka kila jioni. Ndani ya mtumbwi, mmoja alishika kasia na mwingine akashika fimbo, kwa zamu, kama walivyofundishwa. Wakirudi, kila mtu alichukua chake akaenda kukitunza kwake. Na kweli walitunza. Mansuri aliiosha mulineti kwa maji safi, akailegeza breki yake ili isilale imekazwa. Jamali aliifuta fimbo na kukagua pete zake moja moja, zile pete ambazo mshipi hupitia mpaka kwenye ncha.

Jambo moja tu hawakuligombania kamwe, nalo ni sheria ya baba. Mzee alikuwa akisema, "Samaki achukue mshipi, achukue ndoana, achukue hata fimbo yenyewe. Asichukue mutu." Kwa hiyo ndani ya mtumbwi wake hakuna aliyeruhusiwa kujifunga fimbo mwilini, hata kama anaogopa itamponyoka. Jamali aliwahi kujaribu akiwa mtoto. Alizungusha kamba kwenye kifundo cha mkono, akijiona fundi, na baba yake akamtandika kofi pale pale majini. Lilikuwa kofi pekee alilowahi kumpiga. Mansuri alikuwa amekaa nyuma na kasia, akacheka mpaka akakaribia kuupindua mtumbwi.

Basi wangeweza kuzeeka hivyo. Lakini asubuhi moja, kwenye mawe ya kuelekea Gatete, sangala mkubwa aliikamata ndoana na kukimbilia kilindini. Fimbo ilikuwa mikononi mwa Jamali. Breki ya mulineti ilitakiwa kuachia mshipi kidogo kidogo. Iliachia, ikakwama, ikaachia, kisha mshipi ukakatika pale kwenye pete ya kwanza. Samaki akaenda zake.

Kimya walichorudi nacho kilikuwa kizito, na Jamali, ambaye ulimi wake haujawahi kumsaidia, alikivunja mahali pabaya kuliko pote. Alikivunja ufukweni, mbele ya wanawake waliokuwa wanangoja samaki wa kwenda kuuza.

"Mutu anayepaka mulineti mawese," alisema kwa sauti ya kusikika, "aende akauze mawese."

Watu wakacheka. Walicheka kwa sababu ni jambo linalowezekana. Pale Rumonge mawese, mafuta ya michikichi, ni ya maharagwe, ni ya bawaba za mlango, ni ya mnyororo wa baiskeli, na ni ya kifua cha mtoto anayekohoa. Lakini ndani ya mulineti mawese ni adui. Asubuhi ya baridi yanaganda kati ya meno ya mashine kama mchuzi wa jana, na mchanga unapata pa kukaa. Na Mansuri ndiye mwenye michikichi. Aliifungua mulineti, akaifunika kwa kitambaa chake, akaondoka, na tangu siku hiyo ndugu wale hawakusalimiana tena. Hata msikitini kila mmoja alitafuta safu ambayo mwenzake hayupo.

Sasa nitasema jambo ambalo Jamali hakulisema kwa mtu. Jioni ile ile aliifuta fimbo, akachukua kipande cha pamba na kukipitisha ndani ya kila pete, kwa sababu ndivyo baba yake alivyomfundisha. Jicho linaweza kudanganywa, pamba haidanganywi. Pete ikiwa nzima pamba hupita laini. Ikiwa na ufa, hata mwembamba kama unywele, pamba hunasa. Kwenye pete ya kwanza pamba ilinasa.

Jamali alikaa na fimbo mapajani muda mrefu. Halafu akaing'oa ile pete, akaitupa chooni, akafunga nyingine kwa uzi na kuupaka uzi rangi ya kucha ya mke wake Mariyamu ili ushike. Mariyamu alikuwa anamwangalia kutoka jikoni.

"Utamwambia?" aliuliza.

"Nimwambie nini?"

Mariyamu akarudi kupepeta mchele. Anamjua mume wake.

Kilichofuata kilikuwa kichekesho ambacho baada ya muda hakuna aliyeweza kukicheka. Mansuri alipanda gari akaenda Bujumbura kununua fimbo mpya. Alirudi na fimbo nyekundu yenye mstari wa dhahabu, ndefu, inayong'aa kama bibi harusi, na ngumu kama mti wa uzio. Aliichagua kwa macho. Fimbo huchaguliwa kwa mkono. Unaweka ncha chini na kusukuma, uone kama inakunjika na kurudi upesi. Unaifunga mulineti yako juu yake pale pale dukani, unailaza kwenye kidole kimoja, uone kama inatulia au inaanguka upande. Fimbo isiyokunjika haimchoshi samaki, inamchosha mvuvi. Jamali aliiona ile fimbo nyekundu kwa mbali na akaingiwa na furaha ndogo, furaha ya aibu.

Lakini na yeye alikuwa amejinunulia mulineti sokoni, nyepesi, ya plastiki, yenye jina lililoandikwa kwa herufi kubwa. Mwezi haukuisha ikaanza kulia kama mashine ya kusagia, na punde meno yake yakaisha. Kila mmoja akawa na nusu ya kitu kizuri na nusu ya takataka. Wakawa wanarudi na samaki wa kuonea huruma.

Na Jamali alimkosa kaka yake. Nalisema wazi kwa sababu yeye mwenyewe hakuweza kulisema. Aliukosa mgongo wa Mansuri mbele yake ndani ya mtumbwi, alikosa namna alivyokuwa akikohoa kabla ya kutupa ndoana, alikosa hata kugombana naye. Usiku alipanga maneno, asubuhi yakamkauka. Mariyamu alimwambia mara nyingi kwamba mambo haya yana desturi yake, mdogo ndiye anayeanza salamu. Mkubwa akianza atakuwa amejivua nguo.

"Sema shikamoo tu," alimwambia. "Mengine atayasema yeye."

"Kesho," Jamali alijibu.

Kesho hiyo ikawa kesho nyingi.

Asubuhi tunayoizungumza ilikuwa ya kiangazi, ziwa limetulia lakini kwa mbali maji yameanza kupata weusi, dalili ya upepo wa mchana. Jamali alikuwa amechuchumaa mchangani akifuta fimbo. Mansuri akashuka na mtumbwi wake. Ufukwe ni mrefu, angeweza kuuweka popote. Aliuweka hatua chache kutoka kwa mdogo wake, akageuka kumwelekea, akaanza kazi polepole. Aliifunga mulineti ya baba kwenye fimbo nyekundu. Akapitisha mshipi kwenye pete. Akakaza breki mpaka mwisho. Halafu akatoa mfukoni kamba ya buluu ya nailoni, akafunga ncha moja kwenye mpini wa fimbo, na ncha nyingine akaizungusha kwenye kifundo cha mkono wake wa kulia, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, akakaza fundo kwa meno.

Akainua macho.

Jamali aliona. Aliona kamba, aliona fundo, aliona mkono. Neno likapanda kifuani likafika kwenye meno: kaka, toa hiyo kamba. Akafikiri, atasema namcheka tena kwa fimbo yake. Akafikiri, yeye ndiye mkubwa, sheria anaijua. Akafikiri kwamba kabla ya neno lolote lazima ianze shikamoo, na shikamoo ile ilikuwa nzito kuliko mtumbwi. Akainama, akafuta pete ambayo ilikuwa safi.

Alipoinua kichwa mtumbwi ulikuwa majini, na Mansuri alikuwa amempa mgongo, akipiga kasia taratibu sana.

Nyumbani chai ilipoa mbele yake. Mariyamu alimtazama tu, akajua kuna jambo.

"Iko nini?"

"Mansuri amejifunga fimbo mukononi."

"Wewe ulimwambia nini?"

Jamali alikizungusha kikombe cha chai. Nje, majani ya mgomba yalikuwa yameanza kupigapiga. Mariyamu alikichukua kikombe kutoka mbele yake, akaimwaga chai uani.

"Nenda," alisema.

Alikimbia. Mtu mzima hakimbii pale mtaani bila watu kutoka milangoni, na walitoka, lakini hakusalimia mtu. Ufukweni alimkuta Roger, kijana wa kutoka ng'ambo, upande wa Fizi, mwenye mtumbwi wa moteri, akikunja nyavu kwa sababu ya upepo.

"Nipeleke ku mawe ya Gatete."

"Papa Jamali, ziwa inakasirika. Tungoje kidogo."

"Kaka yangu iko kule."

Roger alimwangalia usoni, akaziacha nyavu.

Waliuona mtumbwi wa Mansuri umejaa maji, umelala ubavu, mawimbi yanaupanda. Mansuri alikuwa ameukumbatia kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia haukuonekana. Ulikuwa chini ya maji umenyooka, na kila baada ya muda kitu kilimvuta, kichwa kikazama, kikarudi, kikazama tena. Samaki alikuwa anavuta fimbo isiyokunjika, fimbo inavuta kamba, kamba inavuta mtu, na breki iliyokazwa haikuachia hata shubiri moja. Jamali alishika kisu cha Roger akajitupa. Chini ya maji aliushika mkono wa kaka yake, akashuka nao mpaka kwenye kamba, kutoka kwenye kamba akafika kwenye fimbo, na kutoka kwenye fimbo akaupata mshipi, umekazwa kama waya. Aliugusa tu kwa kisu. Samaki akachukua mshipi, akachukua ndoana, akaenda.

Walipompandisha, fimbo nyekundu ilikuwa bado inaning'inia kwenye mkono wake. Kamba ilikuwa imeingia ndani ya nyama. Roger alisema "Mungu wangu" kwa sauti ndogo, akageuza moteri.

Hospitalini daktari alisema mkono utabaki, ila vidole havitafumba tena kama zamani. Mishipa ya ndani ilikuwa imekatika. Siku za hospitali Jamali alikuwa akija na uji, anauacha mlangoni kwa shemeji yake, mke wa Mansuri, anaondoka. Aliweza kujitupa ziwani, mlango ule hakuuweza.

Mansuri aliporudishwa nyumbani ndipo Jamali alipoingia. Alikuwa amebeba fimbo ya baba, chupa ya mafuta ya cherehani, grisi kidogo kwenye karatasi, na turnevisi ya kufungulia skrubu. Kaka yake alikuwa amelala kwenye mkeka, mkono umefungwa bandeji nyeupe mpaka kwenye kiwiko. Pembeni, ukutani, mulineti ilikuwa bado imeshikwa na ile fimbo nyekundu, mchanga umekauka juu yake.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

Basi. Mwaka mzima na zaidi, kumbe lilikuwa neno jepesi hivyo.

"Itaharibika ikibaki hivi," Jamali alisema akiitazama mulineti. "Nimekuja kuiosha. Lakini ndani yake sijawahi kufungua."

"Tandika kitambaa," Mansuri alisema. "Kila unachotoa, kiweke kulia kwa kilichotangulia. Ukirudisha, unaanza kulia. Ukichanganya, hatutaipata tena."

Jamali akatandika. Akatoa mkono wa mashine, akatoa bobini yenye mshipi uliokatika, akafungua skrubu za ubavuni. Mansuri alimwelekeza kwa sauti ndogo, macho yake hayatoki kwenye vidole vya mdogo wake. Meno yasuguliwe kwa mswaki na mafuta ya taa. Yafutwe mpaka yakauke. Kwenye meno grisi kidogo tu, na pale inapozungukia tone moja la mafuta ya cherehani. Kwenye vitambaa vya breki yasifike mafuta, vikilowa havishiki. Jamali alifuata. Alitafuta pia wekundu wa mawese, alitafuta kwenye kila kona, na hakuuona. Mwaka ulikuwa umepita na hilo halikuthibitisha kitu, lakini alijiona mdogo sana pale mkekani.

"Pete ilikuwa na ufa," alisema, bila kuinua kichwa. "Ile siku ya sangala. Pete yangu. Nilijua jioni ile ile."

Kutoka uani ilisikika sauti ya shemeji akichota maji.

"Hiyo springi ndogo," Mansuri alisema hatimaye, "usiivute. Isukume."

Jamali akaisukuma. Ikaingia. Akajua kwamba asipolisema lile jingine sasa, hatalisema tena.

"Kaka. Asubuhi ile, kamba niliiona."

"Najua."

"Niliona ukiifunga. Nikanyamaza."

"Najua, Jamali. Nilikuwa nakuangalia ukiona."

Turnevisi ikasimama.

"Wewe unafikiri mimi sheria ya baba niliisahau?" Mansuri alisema. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Wewe ndiye ulipigwa kofi, lakini mimi nilikuwepo. Nilisema mu roho yangu, Jamali anaweza kunyamaza kwa yote, kwa kamba hawezi. Atanitukana. Ataniita mupumbafu mbele ya watu. Na mimi nitamujibu, na tukishajibizana imekwisha, tutapanda mutumbwi mumoja. Nilitaka tusi tu. Hata shikamoo sikuitaka."

"Na mu maji? Mbona hukuifungua mu maji?"

"Nilikuwa ninangoja uniite. Nilipiga kasia polepole, sikugeuka, ili usione haya. Nikasema, ataita nikifika pale kwa mitumbwi ya kuvua ndagala. Nikapita. Nikasema, ataita mbele kidogo." Aliutazama mkono wake wa bandeji. "Halafu ukawa mbali, sauti haiwezi kufika. Nikaona aibu kuifungua kamba, kama mutu aliyekataliwa. Nikatupa ndoana. Samaki akala upesi sana."

Jamali alilia. Hakujificha. Machozi yalidondoka kwenye kitambaa kati ya vyuma, na Mansuri akamwambia asiyaache maji hapo, yataleta kutu. Akafuta. Akarudisha vyuma kimoja kimoja, akianza kulia, mpaka ubavu ukafungwa na skrubu zikakazwa. Halafu akachukua fimbo ya baba, akaifunga mulineti mahali pake pa zamani. Ilikaa bila kutikisika. Akamnyooshea kaka yake.

Mansuri, kwa mazoea, alipeleka mkono wa kulia. Vidole vilifika kwenye mkono wa mashine, vikaugusa, havikufumba. Alijaribu tena. Kisha akauteremsha mkono juu ya kifua chake, akalaza kichwa.

"Izungushe wewe," alisema na kufumba macho. "Mimi nitasikiliza kama iko sawa."

Jamali akaanza kuzungusha. Mashine ilizunguka kimya, laini, kama siku za baba. Alisubiri kaka yake aseme inatosha, na Mansuri hakusema, kwa hiyo akaendelea kuzungusha.